Namna ya Kupanga Bei ya Kazi ya Kukata Miti Dar es Salaam

Kazi ya kwanza niliyopatana mwenyewe, bila kutumwa na fundi mwingine, ilikuwa ya mwembe wa Mikocheni uliokuwa umelalia paa la banda la uani. Niliukumbatia mti ule kupima unene wake, nikataja shilingi 400,000, na mwenye nyumba akakubali haraka kiasi cha kunitia shaka. Jioni ya siku ya pili mti wote ulikuwa chini, hakuna bati lililopinda wala mtu aliyeumia, lakini uani palikuwa na kilima cha matawi kilichofika usawa wa madirisha, na fedha iliyobaki mfukoni mwangu haikutosha kukodi hata kirikuu kimoja, yaani gari dogo la mizigo, cha kuyaondoa. Kazi ile niliimalizia kwa fedha ya kukopa.

Tangu siku hiyo sipangi bei kwa unene wa shina. Mti hupangiwa bei kwa kuangalia vilivyo chini yake, vilivyo kando yake, na mahali utakapopelekwa baada ya kukatwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifikia bei hiyo hatua kwa hatua, kwa fundi anayefanya kazi katika viwanja vya Dar es Salaam. Viwango vya fedha nilivyovitumia ni vya mfano tu, na kila msomaji aviweke viwango vya mtaa wake.

Hatua ya kwanza: kagua kwa miguu

Mteja akipiga simu atakuambia, "Fundi, mti ni mmoja tu, njoo na bei yako." Usitaje bei kwenye simu hata akikubembeleza. Picha aliyoipiga kwa simu haikuonyeshi waya uliopita nyuma ya matawi, wala haikuonyeshi upana wa geti.

Ukifika, anza kwa kupima. Urefu wa mti unaweza kuupata kwa kijiti chenye urefu sawa na mkono wako, kuanzia jicho hadi ngumi: kishike wima mbele yako mkono ukiwa umenyooka, kisha rudi nyuma hadi kijiti kilingane na mti kuanzia tako hadi kilele, na umbali kati yako na shina utakuwa unakaribia urefu wa mti. Unene upime kwa kamba: zungusha shina, kisha gawanya mzingo kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 188 ni kipenyo cha sentimita 60.

Vipimo hivyo si mapambo. Mti mbichi una maji mengi, na kwa miti mingi ya uani uzito wake hauko mbali sana na uzito wa maji yenyewe, kwa hiyo ni salama kuhesabu kwamba mita moja ya ujazo inaelekea tani moja. Kipande cha gogo chenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita moja kina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.28, maana yake ni kilo zaidi ya 250. Ukikumbuka namba hiyo hutamwambia kibarua mmoja alisukume gogo hilo peke yake, na hutaliachia lidondoke juu ya mfuniko wa chemba. Viwanja vingi vya mjini vina karo au shimo la zamani la choo lililofukiwa juu juu, na mwenyeji mwenyewe wakati mwingine amelisahau. Uliza, kisha tembea ukigonga ardhi kwa fimbo kabla hujaamua magogo yataangukia wapi na gari litasimama wapi.

Baada ya hapo ligonge shina kwa mgongo wa panga kuanzia chini hadi mkono unapofika. Sauti ya uwazi ndani, uyoga uliojitokeza kwenye tako, njia za mchwa zinazopanda juu au ufa kwenye panda ya matawi makubwa ni habari mbaya kwa mtu atakayepanda. Wateja wengi huamini kwamba mti uliokauka ni wa bei rahisi kwa kuwa ni mwepesi. Ukweli ni kinyume chake: mti mkavu haukubali kufungiwa kamba kwa imani, matawi yake hukatika bila kutoa onyo, na mara nyingi hulazimu kukodi gari lenye kijiko cha kuinulia watu. Mweleze mteja jambo hilo akiwa amesimama na wewe chini ya mti, akisikia mwenyewe mlio wa panga.

Angalia pia wakazi wa juu. Mwembe wa Dar es Salaam mara nyingi huwa na majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mpandaji akivamiwa nao akiwa mita 8 juu, mkono mmoja utaachia kamba ili ujikune. Kunguru nao, wakiwa na makinda, hushuka kwenye kichwa cha mpandaji mmoja baada ya mwingine. Nyuki ni suala jingine kabisa, na kazi haianzi hadi aitwe mtu wa kuwahamisha, kwa gharama ya mteja.

Hatua ya pili: jua mti ni wa nani na ruhusa inatoka wapi

Hapa ndipo fundi mwenye mikono mizuri anapoweza kupoteza kila kitu. Ninamfahamu mwenzangu aliyeitwa na mpangaji kukata mwembe uliokuwa unadondosha majani kwenye gari lake, akaukata vizuri sana, na wiki mbili baadaye akaitwa ofisi ya serikali ya mtaa kumkabili mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari na kukuta kisiki cha mti alioupanda marehemu mama yake. Mpangaji alikuwa ameshahama. Tangu hapo ninauliza swali moja kabla ya yote: wewe ndiye mwenye nyumba? Asipokuwa yeye, ninataka maandishi ya mwenyewe, angalau ujumbe wa simu unaosomeka vizuri. Mti ulio mpakani unataka kauli ya pande zote mbili, na tawi lililovuka ukuta lisiguswe kabla jirani hajajua siku na saa.

Mti ulio nje ya ukuta, kando ya barabara, si wa mteja hata kama yeye ndiye aliyeupanda na kuumwagilia miaka 20. Barabara za mitaa zipo chini ya TARURA, barabara kuu zipo chini ya TANROADS, na halmashauri nayo ina kauli yake. Kwa miti ya ndani ya viwanja, anzia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako utaelekezwa kwa ofisa wa misitu au mazingira wa halmashauri husika, iwe Jiji la Dar es Salaam kwa upande wa Ilala, au Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mikoko usiiguse kabisa: ile iliyopo Kunduchi, Mbweni, Mtoni au kwenye mdomo wa Mto Msimbazi ni mali ya hifadhi, na mteja anayekwambia kwamba "hii imeota kwangu" anakutafutia kesi.

Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, unasimamia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ndiko unakopaswa kuulizia usajili wa msumeno wa mnyororo pamoja na kibali cha kusafirisha magogo na kuni. Gari lililobeba magogo mabichi bila karatasi linaweza kuzuiliwa njiani, na siku nzima ya kukodi ikaishia hapo. Muda wa kufuatilia vibali nao ni gharama: kama umezunguka ofisi mbili kwa siku moja, siku hiyo iandike kwenye hesabu yako.

Hatua ya tatu: hesabu hatari kwa jina lake

Simama chini ya mti, tazama juu, halafu zunguka ukitaja kwa sauti kila kitu ambacho tawi linaweza kukiangukia: bati, tanki la maji, sola, nyaya za umeme za juu ya ukuta, gari la jirani, banda la kuku. Kila ulichokitaja kina maana kwenye bei, kwa sababu kinabadilisha namna ya kukata. Mti uliosimama peke yake kwenye kiwanja cha Goba unaweza kuangushwa kwa mkato mmoja wa mdomo upande wa kuangukia na mkato wa nyuma unaobakiza bawaba ya mbao katikati, ukaisha asubuhi moja. Mti uleule ukiwa Sinza, katikati ya nyumba nne, utashushwa kipande kwa kipande kwa kamba na kapi kwa siku mbili au tatu. Mashina yanalingana, lakini bei zinaachana mara nne.

Umeme unastahili aya yake. Laini za kilovolti 11 na 33 zinazopita mitaani hazina ganda, na tawi bichi linapitisha umeme. Hakuna bei inayofidia kukata karibu na laini hiyo ikiwa hai. Utaratibu ni kupeleka ombi ofisi ya TANESCO ya eneo lile, kupangiwa siku, na kusubiri laini izimwe mbele ya macho yako na watu wenye kazi yao, si kuambiwa na mlinzi kwamba "leo umeme umekatika huku." Umeme wa mgao hurudi bila hodi. Hata waya mdogo unaoingia nyumbani wa volti 230, ambao una ganda, huchanwa kirahisi na tawi linalobembea. Kwenye karatasi ya bei andika wazi kwamba siku ya kazi itategemea siku ya kuzimiwa laini, na kwamba ikiahirishwa wakati timu imeshafika, kuna malipo ya siku iliyopotea.

Aina ya mti nayo ina hatari zake. Mkrismasi una matawi mapana yanayovunjika kirahisi, usiyaamini kubeba uzito wako mbali na shina. Mvinje ni mgumu na humaliza makali ya mnyororo kabla ya saa ya chakula. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi za watu wengine vibaya, na maziwa ya mnyaa, ule unaopandwa kuwa ua, yakiingia machoni ni safari ya hospitali, kwa hiyo miwani si anasa. Mnazi nao una hesabu ya peke yake: ukimwondolea makuti makavu na nazi umemsaidia mwenyeji, lakini ukikata kilele umeua mti, kwa kuwa mnazi hauchipui ubavuni. Nimewahi kuombwa "kupunguza urefu" wa mnazi, na ilinichukua nusu saa kumweleza mzee mwenye kiwanja kwa nini ombi hilo ni sawa na kuuangusha.

Mbuyu ninauweka mwisho kwa makusudi. Mti wake ni laini, umejaa maji na nyuzi, na nyuzi hizo huziba msumeno kila dakika chache. Hata hivyo ugumu mkubwa wa mbuyu hauko kwenye msumeno, uko kwa vibarua, ambao wengi hawatagusa mbuyu mkubwa kabla ya dua kusomwa. Wapo mafundi wanaocheka jambo hili. Mimi ninaandika dua na sadaka yake kwenye gharama, kwa sababu timu inayofanya kazi na hofu moyoni hushika kamba vibaya.

Hatua ya nne: panga taka zitakwenda wapi kabla ya kutaja bei

Mwembe wa wastani ukiwa umesimama unaonekana kitu kimoja. Ukiwa chini unakuwa vitu vitatu: magogo, matawi ya kati, na majani na vijiti. Magogo ni mazito lakini yana mnunuzi. Majani na vijiti ni vyepesi, hayana mnunuzi, na ndiyo yanayojaza gari. Kenta itaonekana imejaa hadi juu wakati haijabeba hata nusu ya uzito inaoweza kuubeba, na dereva atadai fedha ya safari nzima.

Dawa yake iko kwenye upakiaji. Fito ndefu zilizonyooka zilazwe chini kwa urefu wa bodi, matawi yenye panda yakatwe kwenye panda ili yasisimame kama mwavuli, na kila tabaka likanyagwe na mtu mmoja anayekaa juu ya gari muda wote. Kibarua huyu ni wa lazima, naye haonekani kufanya kazi, jambo ambalo huwafanya baadhi ya mabosi wamwondoe. Kwa uzoefu wangu, mkanyagaji mmoja hupunguza safari nne kuwa tatu, na safari moja ya Kenta ni fedha ya vibarua watano kwa siku.

Dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali na Masaki, Msasani na Mbezi Beach, na foleni haina huruma. Kutoka upande huo wa mji ninahesabu safari 2 kwa siku, na ya pili ninaihesabu kama bahati. Ongeza ada ya kumwaga na mkono wa kushusha. Usimruhusu dereva aliyeahidi "pa karibu" amwage bondeni au kwenye mfereji: masika yakifika, matawi hayo yataziba njia ya maji, na watu wa mtaa wanakumbuka sana namba za gari.

Kisha kuna ile kauli ya mteja: "Kuni chukua wewe, unipunguzie." Sikiliza kwa makini kabla hujafurahi. Kuni za mwembe zina soko kwa mama lishe na kwa wenye tanuri za mikate, lakini zinahitaji kupasuliwa, kukaushwa wiki kadhaa, mahali pa kuzilaza na usafiri. Ukiwa huna eneo la kuzilaza, ulichopewa ni mzigo mwingine. Mimi hupunguza bei kwa ajili ya kuni pale tu mnunuzi wangu anapokubali kwa simu, nikiwa bado niko uani kwa mteja, kwamba atakuja kuzichukua mwenyewe.

Hatua ya tano: piga hesabu, yote, kwa kalamu

Anza na swali ambalo wengi hulikwepa: unafanya kazi siku ngapi kwa mwezi? Si siku 26. Kuna mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, kuna vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kuna siku za kukagua kazi usizozipata, siku za kufuatilia vibali, na siku ambazo bega limekataa. Fundi wa kawaida mwenye wateja wake anafanya siku 12 hadi 15. Ikiwa nyumba yako inahitaji shilingi 900,000 kwa mwezi na unafanya siku 12, ujira wako ni 75,000 kwa siku ya kazi, hata kama jirani yako anayechomelea mageti kila siku anaishi kwa 35,000.

Tuchukue mwembe wa mita 12, shina la sentimita 60, karibu na banda la uani, siku 2 za kazi, watu 5 ukiacha wewe. Mpandaji ni 60,000 kwa siku, jumla 120,000. Mshika kamba ni 35,000 kwa siku, jumla 70,000. Vibarua 3 kwa 20,000 kila mmoja ni 120,000 kwa siku mbili. Chakula na maji ya kunywa kwa watu 5, kwa 5,000 kwa siku, ni 50,000. Petroli na oili ni 40,000. Uchakavu wa msumeno, mnyororo, kamba na mikanda ni 25,000 kwa siku, jumla 50,000. Kenta ni safari 3 kwa 110,000, jumla 330,000, na kumwaga ni 30,000. Hapo umefikia 810,000, na ona kwamba 360,000 kati yake, karibu nusu, ni ya kuondoa taka tu. Ndiyo sababu ile laki nne yangu ya Mikocheni ilikufa.

Ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani 81,000. Ongeza ujira wako wa siku mbili, 150,000. Jumla ni 1,041,000. Weka faida ya asilimia 15, ambayo ni 156,150, upate 1,197,150, na bei ya kumtajia mteja inakuwa 1,200,000. Faida hiyo si ujira wako, na wala si ya kula. Ndiyo itakayonunua msumeno mwingine huu ukifa. Msumeno wa shilingi 1,600,000 unaotumika siku 250 umekula 6,400 kila siku ulipoutia moto, ulikumbuka au hukukumbuka.

Mafuta yaangalie kila mwezi, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo za petroli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei uliyoitoa mwezi uliopita inaweza kuwa imepitwa na wakati. Karatasi yangu ya bei huandikwa kwamba ni halali kwa siku 14.

Mteja akiwa kampuni, hoteli au shule, uliza mapema kuhusu kodi ya zuio, ambayo kwa huduma ni asilimia 5. Kwenye kazi ya 1,200,000 utapokea 1,140,000 na cheti cha zuio. Fedha iliyozuiwa haijapotea ikiwa una TIN na unawasilisha ritani zako TRA, kwa kuwa inahesabiwa kwenye kodi yako, lakini haipo mkononi siku ya kulipa vibarua. Ukitaka kupokea 1,200,000 taslimu, bei unayoiandika ni karibu 1,263,000. Wateja wa namna hii pia wataulizia usajili wa OSHA na michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Gharama hizo ziingie kwenye bei za kazi zote za mwaka, zisirundikwe kwenye kazi ya yule aliyeuliza.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye kitabu chochote: mlinzi au dada wa nyumbani aliyekuita. Atategemea ya soda, na asipoipata, kazi inayofuata kwenye ile nyumba ataitwa mwingine. Iweke ndani ya dharura.

Hatua ya sita: taja bei, kisha nyamaza

Mteja atashangaa. Mwache ashangae. Akisema fundi mwingine ametaja 500,000, usimtukane fundi huyo. Muulize kama bei hiyo ina kuondoa taka, kama ina kisiki, na nani atalipa bati likitoboka. Mara nyingi jibu ni kimya. Ukitakiwa kupunguza, punguza kazi kwanza: matawi yabaki, kisiki kibaki usawa wa ardhi, au mti upogolewe badala ya kukatwa wote. Kupogoa ni kazi yenye heshima na yenye kurudiwa. Usiondoe zaidi ya robo ya kichwa kwa mara moja, na mwembe uupogoe baada ya msimu wa maembe kwisha, kwa sababu ukiupogoa katikati ya mwaka unapotoa maua, Desemba mama mwenye nyumba atakukumbuka kwa ubaya.

Mkikubaliana, andikeni karatasi moja: mti upi, unakatwa hadi wapi, taka na kuni ni za nani, kisiki kinang'olewa au hapana, siku ngapi, malipo lini. Piga picha nyufa zote za ukuta na vigae vyote vilivyovunjika kabla hujafungua kamba, mteja akiwa anaona. Kianzio kitoshe gari, kumwaga, mafuta na chakula, ambavyo kwa mfano wetu ni 450,000. Salio lote lilipwe kabla gari la mwisho halijatoka getini. Ukishaondoka na tawi la mwisho, huna tena cha kumkumbusha mteja.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Fikeni saa 1 asubuhi. Pwani hii upepo wa bahari huongezeka mchana, kwa hiyo kazi ya juu imalizike kabla ya saa 6, na alasiri iwe ya kukatakata na kupakia. Tawi kubwa likatwe kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 mbali na shina, wa pili kutoka juu mbele kidogo ya ule wa kwanza ili tawi lidondoke bila kuchuna gome, na wa tatu wa kusawazisha, nje ya ile shingo iliyovimba pale tawi linapotokea. Mafuta ya msumeno wa moto yachanganywe kama kitabu cha mashine kinavyosema, kwa kawaida mililita 20 za oili ya 2T kwa lita moja ya petroli. Kamba ya kuteremshia isiwe ile anayojifungia mpandaji, na kamba ya katani iliyolala mvuani isibebe roho ya mtu.

Wakati wa dhoruba sheria hizi hujaribiwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, simu zilikuwa haziishi, na waliokuwa wakiahirisha miezi mingi walitaka mti ukatwe usiku huohuo. Kazi ya dharura ninaitoza mara moja na nusu, kwa kuwa timu inafanya kazi nje ya saa zake na tawi lililoangukia paa limejikunja kama upinde na linaweza kumrudia mkataji. Lakini upepo ukiwa unavuma hakuna anayepanda, hata bei ikiwa mara kumi.

Hatua ya nane: daftari

Jioni ya siku ya mwisho, kabla ya kuoga, andika vitu vinne: siku ulizokadiria na zilizotumika, safari za gari ulizokadiria na zilizotumika, lita za petroli, na kilichokushangaza. Baada ya kazi kama 20 utajua, kwa mfano, kwamba mkungu hukudanganya safari moja ya gari kila mara kwa sababu ya majani yake mapana, na kwamba kwa miashoki iliyopangwa ukutani unakadiria siku nyingi kuliko inavyohitaji. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu bado una ule mwembe wa Mikocheni: safari zilizokadiriwa 0, safari zilizotumika 3, deni 260,000.